Jibu la mtaalamu: Je, nukta hii katika picha ya eksirei ni chanzo kipya?

Swali

"Mtaalamu, naomba unisaidie. Mimi ni mwanafunzi wa fizikia wa mwaka wa tatu. Kwa ajili ya mradi wangu nilipakua data mbili za setilaiti ya XMM-Newton kutoka hifadhi ya wazi, zote za sehemu moja ya anga iliyo mbali na ukanda wa galaksi yetu. Uchunguzi wa kwanza, wa mwaka 2003, ulidumu sekunde 8,000; wa pili, wa mwaka 2015, ulidumu sekunde 40,000. Katika picha ya 2015 kuna nukta ambayo siioni kabisa katika ile ya 2003. Nikichora duara dogo kuizunguka nahesabu fotoni (chembe za mionzi) 22, ilhali duara la ukubwa huo huo mahali patupu lina fotoni 4 hivi. Katika picha ya zamani duara hilo lina fotoni 2 tu. Nimelinganisha nukta zaidi ya mia moja na hii ndiyo pekee iliyonishtua. Mwenzangu anasema lazima ni shimo jeusi jipya. Je, nimegundua chanzo kipya cha mpito, yaani kinachowaka kwa muda kisha kuzimika? Nikichelewa kutangaza, mtu mwingine hatanitangulia? Na je, ninaweza kuithibitisha kwa darubini ndogo tuliyo nayo chuoni?"

Jibu

Naona hofu mbili zinakuvuta huku na huku: unaogopa kunyamaza ukapoteza haki ya ugunduzi wako, na unaogopa kusema ukaonekana umekurupuka. Zote mbili zinaeleweka, na nitazijibu. Lakini kwanza nitenganishe maswali mawili ambayo umeyafanya kuwa moja. La kwanza ni kama nukta hiyo ipo kweli. La pili ni kama nukta hiyo haikuwapo zamani. Kwa hesabu ulizonipa, jibu la swali la kwanza ni kwamba karibu hakika kuna kitu pale. Kuhusu la pili, bado huna ushahidi.

Swali la kwanza halinichukui muda. Mahali panapotarajiwa fotoni 4 za usuli, yaani zinazofika hata pasipo na chanzo, bahati peke yake haiwezi kukupa 22, hata ukihesabu maduara yote yanayoenea katika picha nzima. Kilichobaki ni kuhakikisha kwamba zile 22 hazikutokana na hitilafu ya chombo, na hilo nitalirudia baadaye kidogo.

Swali la pili ndilo linalowakwaza hata watu wenye uzoefu. Picha zako mbili hazina uwezo sawa wa kuona. Mtu akipita katika ghala lenye giza na kurunzi dhaifu asione kitu kona ya mbali, kisha akarudi na kurunzi kali akaona gunia, hawezi kudai kwamba gunia limeletwa kati ya safari hizo mbili. Uchunguzi wa 2003 ndio kurunzi yako dhaifu, na kabla ya kusema lolote kuhusu upya wa chanzo chako unapaswa kujua ungeweza kuona nini kwa kurunzi hiyo.

Hesabu yenyewe ni hii. Ondoa fotoni 4 za usuli katika zile 22, unabaki na 18 zilizokusanywa kwa sekunde 40,000. Uchunguzi wa 2003 ulichukua moja ya tano ya muda huo. Kwa hiyo, kama chanzo hakikubadilika hata kidogo katika miaka hiyo 12, ungetarajia fotoni 3.6 za chanzo na 0.8 za usuli, jumla 4.4. Wewe ulipata 2. Fotoni hufika moja moja kwa bahati, na kanuni ya Poisson inatuambia kwamba mahali panapotarajiwa 4.4 patatoa 2 au pungufu kwa uwezekano wa asilimia 18 hivi, yaani karibu mara moja katika kila majaribio matano. Hata kama ungepata sifuri kamili, uwezekano ungekuwa zaidi kidogo ya asilimia 1. Sasa kumbuka kwamba ulilinganisha nukta zaidi ya mia moja. Miongoni mwa vyanzo mia moja vyenye mng'ao kama huu, visivyobadilika kabisa, ungetarajia kimoja hivi kikuonyeshe sifuri katika picha ya zamani kwa bahati tupu. Nukta iliyokushtua ilichaguliwa na macho yako kwa sababu inashtua, na uchaguzi huo ni lazima uingie katika hesabu.

Kuna njia nyingine ya kuliangalia jambo hili, nayo ndiyo tunayoitumia kazini: badala ya kusema "hakikuonekana", tunataja kikomo cha juu. Tunajiuliza chanzo kingeweza kuwa na mng'ao mkubwa kiasi gani mwaka 2003 na bado kikatoa fotoni 2 tu. Kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95, kikomo hicho ni takriban fotoni 5.5 za chanzo katika sekunde 8,000, sawa na 27 au 28 katika sekunde 40,000. Linganisha na 18 ulizopima mwaka 2015. Data yako ya zamani inaruhusu kwamba chanzo hiki kiling'aa zaidi mwaka 2003 kuliko mwaka 2015! Picha ile haiwezi kutumika kuthibitisha kwamba mahali pale palikuwa patupu.

Tafadhali usikate tamaa hapo, kwa sababu umesahau kuitazama sehemu bora ya data uliyo nayo. Picha uliyoitengeneza ni muhtasari tu. Faili la matukio ulilopakua lina, kwa kila fotoni, mahali ilipoangukia, nishati yake na wakati iliyofika. Chukua zile fotoni 22 uzipange kwa wakati. Zikiwa zimetawanyika sawasawa katika sekunde 40,000, unashughulika na chanzo tulivu, na swali la upya linarudi kwenye ulinganisho niliouonyesha juu. Zikiwa zimefika, tuseme, 17 ndani ya sekunde 300, basi umepata kitu cha mpito bila kuihitaji picha ya 2003 hata kidogo, kwa kuwa chanzo kimewaka na kuzimika ndani ya uchunguzi mmoja, kwa kamera zile zile na katika usuli ule ule. Kama ungeniuliza jambo moja tu la kufanya usiku huu, ningekuambia hilo.

Njia hii ina historia nzuri. Tarehe 9 Januari 2008 Alicia Soderberg alikuwa akiifuatilia galaksi ya NGC 2770 kwa darubini ya eksirei ya setilaiti ya Swift kwa sababu nyingine kabisa, pakatokea mwako uliodumu dakika chache tu. Ulikuwa mwanzo wa supanova, nyota ikipasuka, iliyokuja kuitwa SN 2008D. Na kuna mfano unaokuhusu zaidi. Wanafunzi wa sekondari nchini Italia, wakifanya kazi pamoja na wanaastronomia, walikuta katika data ya XMM-Newton ya mwaka 2005 mwako wa chini ya dakika tano katika kundi la nyota la NGC 6540, ambamo chanzo kiliongeza mng'ao wake hadi mara 50. Data hiyo ilikuwa imekaa hifadhini zaidi ya miaka kumi, wazi kwa kila mtu, na hakuna aliyekuwa amezipanga fotoni zile kwa wakati kwa namna ile.

Kabla hujafurahia wala kuhuzunika, kagua chombo. XMM-Newton ina darubini tatu za eksirei zinazotazama mahali pamoja kwa wakati mmoja, kila moja na kamera yake. Kitu cha kweli angani kinapaswa kuacha alama katika zote tatu, kwa uwiano wa uwezo wao, isipokuwa pale ambapo kamera mojawapo ina pengo. Nukta inayoonekana katika kamera moja tu, tena imebanwa ndani ya pikseli moja au mbili badala ya kutawanyika kama nukta nyingine za jirani, ni pikseli mbovu. Tazama pia picha ya 2003 kwa swali hilo hilo kinyume chake: je, mahali pale hapakuangukia kwenye mpaka kati ya vipande vya kamera, au pembezoni kabisa, ambako vioo hukusanya mionzi michache kuliko katikati? Nilichokupa juu kinachukulia kwamba uwezo ulikuwa sawa kwa kila sekunde. Kama mwaka 2003 nukta iliangukia pembezoni, basi zile 3.6 zinapungua zaidi na hoja ya upya inazidi kudhoofika. Vilevile ondoa vipindi ambavyo protoni kutoka katika mazingira ya Dunia zilifurika kamera, maana vipindi hivyo hupandisha usuli na kupunguza sekunde zako za kweli. Mwisho, angalia kama nyota yenye mwanga mkali unaoonekana haikai mahali pale pale, kwa kuwa mwanga wake wa kawaida unaweza kuidanganya kamera ya eksirei.

Sasa nije kwa mwenzako na shimo lake jeusi. Ana sababu ya kufikiri hivyo, kwa maana vyanzo vya mpito vilivyosifika zaidi ni vya aina hiyo, lakini nukta hafifu iliyo mbali na ukanda wa galaksi yetu ina maelezo mengine yanayoelekea kuwa kweli zaidi. Sehemu kubwa ya nukta hafifu katika picha kama yako ni viini vya galaksi za mbali, ambamo shimo jeusi lenye uzito wa mamilioni au mabilioni ya Jua linameza gesi. Viini hivyo hupanda na kushuka mng'ao mara mbili au tatu kwa kipindi cha miaka, na hilo ni jambo lao la kawaida. Baada ya hivyo, wanaofuata ni nyota ndogo nyekundu za jirani zetu, ambazo milipuko ya sumaku kwenye nyuso zake hutoa eksirei kwa dakika au saa kadhaa.

Shimo jeusi analolifikiria mwenzako hufanya kazi kwa namna nyingine, na inafaa uielewe ili ujue utakapoliona. Shimo jeusi lenye uzito wa Jua kadhaa linazungukwa na nyota ya kawaida kwa ukaribu mno, kiasi kwamba gesi ya nyota hiyo inavutwa na kumwagika kuelekea shimo. Gesi haiangukii ndani moja kwa moja kwa sababu inazunguka. Inajikusanya katika sahani. Kwa miaka mingi sahani hiyo ni baridi kiasi, haidrojeni yake haijapoteza elektroni, na gesi inateremka kwa uvivu, pungufu ya ile inayoingia kutoka kwa nyota. Kwa hiyo inarundikana. Sehemu fulani ya sahani inapopata joto la maelfu ya digrii la kutosha kuzing'oa elektroni za haidrojeni, gesi inauzuia mwanga usitoke, joto linanaswa na kupanda zaidi, msuguano wa ndani unaongezeka, na wimbi la joto linaenea katika sahani nzima. Gesi iliyorundikana kwa miongo inateremka ndani ya wiki chache, na karibu kabisa na shimo inafikia joto la mamilioni ya digrii, ambalo mionzi yake ni eksirei. Kisha ghala linaisha, sahani inapoa, na urundikaji unaanza upya. Shimo jeusi lenyewe halikuzaliwa siku ile; lilikuwapo muda wote, likiwa kimya. Neno "jipya" katika kauli ya mwenzako ndilo lisilo sahihi.

Mfano wangu ninaoupenda ni A0620-00. Setilaiti ya Uingereza Ariel V iliiona Agosti 1975, na katika muda mfupi ikawa nukta angavu kuliko zote katika anga la eksirei nje ya Jua, ikakipita hata chanzo cha kundinyota la Nge kilichogunduliwa kwa roketi mwaka 1962 na kundi la Riccardo Giacconi. Ilififia baada ya miezi. Watafiti walipopekua picha za zamani za anga zilizopigwa kwenye vioo waliikuta imewaka pia mwaka 1917. Mwaka 1986 Jeffrey McClintock na Ronald Remillard, kwa kupima mwendo wa nyota inayoizunguka kila baada ya saa 7.75, walionyesha kwamba kitu kilichofichika kina uzito wa zaidi ya Jua tatu, kizito mno kuwa nyota ya nyutroni, yaani kiini kilichobanwa mno cha nyota iliyokufa. Tazama ushahidi ulivyokuja: kutoka kuonekana kwa chanzo hadi kusema kwa haki "huenda ni shimo jeusi" ilipita miaka 11, na hoja haikutokana na eksirei peke yake. Ukiona mapigo ya kawaida, kwa mfano, au milipuko ya nyuklia juu ya uso, basi kuna uso, na kitu hicho si shimo jeusi. Aprili 2013 eksirei ziliongezeka ghafla katikati ya galaksi yetu na wengi walidhani shimo jeusi kubwa la pale limeamka. Siku mbili baadaye setilaiti ya NuSTAR ilikuta mapigo ya kila sekunde 3.76, na setilaiti nyingine ya eksirei, Chandra, ikaonyesha kwamba chanzo kiko sekunde 2 hadi 3 za tao (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya digrii) kando ya shimo. Ilikuwa nyota ya nyutroni yenye sumaku kali mno.

Kuhusu kutanguliwa. Haraka ina maana pale ambapo chanzo kinawaka sasa hivi, kwa sababu kila saa inayopita ni taarifa inayopotea. Chombo cha Kijapani MAXI, kilichofungwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, hupitia sehemu kubwa ya anga kila dakika 92 hivi. Setilaiti ya China Einstein Probe, iliyorushwa Januari 2024, huona takriban asilimia 9 ya anga kwa mtazamo mmoja. Matangazo ya vyombo hivyo hutoka kwa haraka ili darubini nyingine zigeuzwe upesi. Ndivyo mwako ulioonekana tarehe 15 Machi 2024 ulivyoweza kufuatiliwa na darubini za ardhini hadi ikajulikana kwamba mwanga wake ulisafiri zaidi ya miaka bilioni 12. Nukta yako ni ya mwaka 2015. Haitakimbia kwa kuwa wewe umechukua wiki tatu kuihakiki. Tangazo la haraka lenye kosa litakugharimu zaidi ya kuchelewa, na litawagharimu wengine muda wa darubini ambao ni haba.

Basi utumie muda huo kutafuta data iliyo na uwezo zaidi. Anza na orodha za vyanzo za XMM-Newton, Chandra na Swift, pamoja na orodha ya darubini ya eksirei ya eROSITA iliyotolewa Januari 2024, yenye vyanzo takriban 900,000 katika nusu ya anga. Kwa mng'ao kama wako, kutoonekana katika data ya Swift au eROSITA hakutathibitisha chochote, kwa kuwa itakuwa kurunzi dhaifu nyingine. Unachohitaji hasa ni uchunguzi mrefu wa Chandra au XMM-Newton wa mahali pale, uwe wa kabla au wa baada ya 2015. Watu wengi husahau huo wa baada. Kama kuna uchunguzi wa sekunde 100,000 wa mwaka 2019 na mahali pale pako patupu kabisa, hoja yako ya mpito inasimama vizuri kuliko ambavyo picha ya 2003 ingeweza kuisimamisha. Chandra ikiwa imewahi kukiona, itakupa pia mahali chanzo kilipo kwa usahihi wa chini ya sekunde moja ya tao, na hapo utaweza kuuliza ni galaksi gani au nyota gani inayokaa pale katika picha za mwanga wa kawaida.

Unaweza pia kufikiria kuomba uchunguzi mpya. Swift imekuwa ikipokea maombi ya dharura kutoka kwa mwanasayansi wa nchi yoyote, lakini kwa nukta hii sikushauri. Darubini yake ya eksirei hukusanya chini ya moja ya kumi ya fotoni zinazokusanywa na kamera tatu za XMM-Newton kwa pamoja, hivyo ingeambulia fotoni moja au mbili kwa muda mrefu, na usingejifunza kitu isipokuwa chanzo kiwe kimelipuka upya.

Darubini ya chuoni haitakusaidia kwa nukta hii. Eksirei za angani humezwa na angahewa kabla hazijafika ardhini, na mwanga wa kawaida wa chanzo hicho, kama upo, utakuwa hafifu mno. Hata hivyo isiachwe ikae kabatini. V404 Cygni, shimo jeusi jingine linalomeza gesi ya nyota jirani, ilipolipuka Juni 2015, darubini za ukubwa wa sentimita 20 ziliweza kuona mng'ao wake ukipanda na kushuka, na vipimo vya namna hiyo viliingia katika utafiti wa kweli. MAXI J1820+070, ya aina hiyo hiyo, iliyolipuka Machi 2018, ilionekana kwa mwanga wa kawaida siku tano kabla MAXI haijaiona kwa eksirei. Chanzo angavu kitakapotangazwa tena, kipimeni usiku ule ule.

Kuna mahali ambapo maandishi hayatoshi, na unapaswa kuketi na mtu. Ukipanga fotoni kwa wakati ukakuta zimejibana katika dakika chache, usiendelee peke yako: mwone mhadhiri wako siku hiyo, na kama yeye si wa fani hii, mwombe akuunganishe na mtu aliyewahi kusafisha data ya XMM-Newton, maana usafishaji ndio unaoweza kutengeneza mwako wa uongo au kufuta wa kweli. Nenda na namba za chunguzi zote mbili, viwianishi vya nukta, faili la matukio ambalo hujaligusa, orodha ya hatua ulizofuata kwa mpangilio wake, na mchoro wa fotoni dhidi ya wakati kwa kila kamera peke yake. Weka tarehe katika daftari lako la kazi na umwombe mhadhiri atie saini. Hiyo inatosha kulinda haki yako wakati mnahakiki. Kama fotoni zimetawanyika sawasawa, hakuna dharura, lakini bado mwonyeshe ile hesabu ya kikomo cha juu ukiwa umeifanya mwenyewe kwa sekunde safi, kwa sababu mradi wako unaweza kugeuka kuwa wa kuipima hivyo kila nukta katika zile mia moja, na si hii moja peke yake.